Fremu ya mlalo au ya mshazari: jinsi ya kuchagua saizi ya baiskeli ya mbio

Fremu mbili zimeegemezwa ukutani. Ya kwanza ni ya chuma, imegongwa namba 55, na bomba lake la juu limelala sambamba na sakafu. Ya pili ni ya kaboni, ina stika ya herufi M, na bomba lake la juu linashuka kutoka kwenye usukani kuelekea siti. Kwa macho tu utasema ya pili ni ndogo kwa saizi mbili nzima. Ukizipima utakuta mtu mmoja mwenye mguu wa sentimita 82, ukipimwa kwa ndani kutoka sakafuni hadi msambani, anaenea kwenye zote mbili, na viganja vyake vinafika mahali palepale, tofauti ikiwa milimita chache.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopoteza fedha. Wanaogopa fremu ya mshazari kwa kuidhania ndogo, kisha wanachukua saizi kubwa kupita kiasi; au wanaamini kwamba mshazari maana yake ni mkao wa starehe, kisha wanashangaa shingo inapouma baada ya kilomita 40. Mshazari wa bomba la juu haubadilishi mkao wako. Unachobadilisha ni nafasi iliyo chini ya msamba, urefu wa nguzo ya siti inayochomoza, nafasi ya chupa, na idadi ya saizi ambazo kiwanda kinalazimika kutengeneza. Mkao unaamuliwa na vitu vitatu na umbali uliopo kati yao: ekseli ya kranki (mhimili unaozungushwa na pedali), siti na usukani.

Bomba lililala kwa nini, na likainama lini

Kwa miongo mingi fremu za chuma ziliungwa kwa viungio vilivyotoka kiwandani vikiwa na pembe yake tayari. Fundi alichomeka mabomba kwenye viungio, akayapasha moto na kuyeyushia shaba au fedha. Pembe ya kiungio haikumwachia nafasi kubwa ya kuchezea, kwa hiyo bomba la mlalo ndilo lililokuwa rahisi na la haraka. Mpandaji mrefu alipewa bomba refu la siti, na bomba la juu likapanda nalo. Ndiyo maana namba moja ilitosha kueleza fremu nzima: ukiambiwa 55, ulijua kwa kukadiria urefu wa bomba la juu na hata kimo cha usukani.

Uchomeleaji usiohitaji viungio, na baadaye kalibu za kaboni, viliondoa kizuizi hicho. Mwaka 1997 kampuni ya Giant ya Taiwan ilitoa TCR, fremu ya mbio iliyobuniwa na Mwingereza Mike Burrows, bomba lake la juu likiwa limeinama waziwazi. Timu ya ONCE ya Hispania ikaipanda kwenye mashindano makubwa. Badala ya saizi kwa kila sentimita moja au mbili, ilikuja kwa ndogo, ya kati na kubwa. Kila saizi ya kaboni inadai kalibu yake, na kalibu ni ghali. Tuseme wazi basi: faida ya kwanza ya mshazari ilimwangukia mtengenezaji. Mpandaji naye alipata yake, lakini ni vizuri ajue ni ipi.

Namba 55 inapima nini hasa

Kuna namna tatu za kuandika saizi, na stika haisemi ni ipi iliyotumika.

Namna ya kwanza hupima bomba la siti kutoka katikati ya ekseli ya kranki hadi katikati ya bomba la juu. Ya pili hupima kutoka ekseli hadi ncha ya juu ya bomba la siti. Fremu ileile inatofautiana kwa sentimita 1.5 hadi 2 baina ya namna hizo mbili. Fremu za zamani za Colnago, kampuni ya Italia, kwa mfano, hupimwa hadi juu, kwa hiyo 56 yao inakaribia 54.5 ya mjenzi anayepima katikati kwa katikati. Colnago walipoanza kutoa za mshazari waliongeza herufi s baada ya namba. 52s ni baiskeli ya mtu mrefu kuliko 52 ya mlalo, na aliyenunua bila kuiona hiyo s huwa amenunua baiskeli nyingine kabisa.

Namna ya tatu ni namba ya kufikirika. Kampuni za Specialized na Trek zimeandika kwa miaka mingi 54 au 56 kwenye fremu za mshazari ambazo bomba lake halisi la siti ni fupi kuliko namba hiyo. Maana yake ni: mtu ambaye zamani angepanda 54 ya mlalo, aanzie hapa. Ni mwongozo mzuri wa kuanzia, ila usichukue futi ukategemea kuikuta hiyo 54 popote kwenye bomba.

Ili ujue uanzie wapi, pima mguu wako kwa ndani. Vua viatu, simama mgongo ukigusa ukuta, nyayo zikiachana kama sentimita 15. Weka kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja, uti wake ukiwa juu, ukipandishe mpaka kikubane msambani kama siti inavyobana. Mwenzako apime kutoka sakafuni hadi kwenye uti wa kitabu. Rudia mara tatu, uchukue wastani. Usitumie urefu wa ndani wa suruali: suruali huanza chini ya msamba na kuishia kabla ya sakafu, kwa hiyo inakuibia sentimita kadhaa.

Kisha zidisha. Kanuni iliyoenezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990, inasema mguu mara 0.67 hutoa saizi ya fremu ya mlalo. Mguu mara 0.883 hutoa kimo cha siti kutoka katikati ya ekseli ya kranki hadi juu ya siti. Mguu wa 82 unatoa fremu ya 55 na siti ya 72.4. Kwa viatu na pedali za kisasa zenye soli nyembamba punguza milimita chache kwenye hicho kimo. Ukikosea mguu kwa sentimita 3, fremu inakosewa kwa 2 na siti kwa zaidi ya 2.5, na goti ndilo litakalolipa.

Ile 0.67 ni ya fremu za mlalo tu. Kwenye mshazari haina kazi. Ile 0.883 inafaa popote, kwa sababu mguu haujui bomba la juu limekaaje.

Fremu mbili kwa vipimo

Hizi ni fremu mbili za mfano, za mtu yuleyule wa mguu wa 82. Vipimo ni sentimita.

| | Ya mlalo, 55 | Ya mshazari, M |
|---|---|---|
| Bomba la siti | 55.0, katikati hadi katikati | 50.0, katikati hadi juu |
| Bomba la juu kwa mstari wa mlalo | 55.0 | 55.5 |
| Pembe ya bomba la siti | digrii 73.5 | digrii 73 |
| Staki | 54.9 | 54.5 |
| Richi | 38.7 | 38.8 |
| Bomba la juu, katikati yake, kutoka chini | karibu 81 | karibu 75 |
| Nguzo ya siti inayoonekana, siti ikiwa 72.4 | karibu 11 | karibu 17 |

Staki ni kimo kilichonyooka kutoka katikati ya ekseli ya kranki hadi usawa wa ncha ya juu ya bomba la usukani, yaani bomba fupi la mbele ya fremu. Richi ni umbali wa mlalo kutoka ekseli hiyohiyo hadi ncha hiyohiyo. Vipimo hivi viwili havijali bomba la juu limelala au limeinama, wala bomba la siti lina urefu gani. Vinaeleza sehemu ya mbele ya baiskeli ipo wapi ukilinganisha na miguu yako. Ndiyo maana ndivyo vya kulinganishia fremu yoyote na nyingine yoyote.

Sasa tazama mstari wa bomba la juu. Ya mshazari ni ndefu kwa milimita 5, lakini richi inapishana kwa milimita 1 tu. Milimita nyingine zimekwenda wapi? Zimekwenda nyuma. Bomba la siti la digrii 73 limelala nyuma zaidi kuliko la 73.5, na kipimo cha bomba la juu kinajumlisha pia kile kipande kilicho nyuma ya ekseli ya kranki. Kwa siti ya kimo hiki, digrii moja inasogeza siti kama sentimita 1.2, nusu digrii, milimita 6. Utakapoisogeza siti mbele kwenye reli zake ili goti likae lilipokuwa, hizo milimita zinarudi zote.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na inafaa pale jedwali la kiwanda lisipotaja richi: chukua staki, igawanye kwa tanjenti ya pembe ya bomba la siti, kisha toa jibu kwenye urefu wa mlalo wa bomba la juu. Kwa M yetu, 54.5 gawanya kwa 3.271 ni 16.7, 55.5 toa 16.7 ni 38.8.

Kuna sharti moja kabla ya kulinganisha richi. Bomba la usukani limelala nyuma, kwa hiyo kila sentimita ya spesa (pete za kuinulia) unayoweka chini ya stemu (kipande kinachoshika usukani) inapandisha usukani karibu sentimita nzima na kuurudisha kwako kwa milimita 3. Fremu zenye staki tofauti zisawazishe kwanza: kwa kila sentimita 1 ya staki iliyopungua, toa milimita 3 kwenye richi ya ile fupi. M yetu ikiongezewa milimita 4 za spesa, richi yake inashuka hadi 38.7. Imekuwa 55 ya mlalo, isipokuwa kwa sura.

Mtego wa pembe unawauma zaidi watu wafupi. Ili magurudumu ya kawaida ya 700c yaenee kwenye fremu ndogo bila ncha ya kiatu kugusa tairi la mbele, wabunifu husimamisha bomba la siti hadi digrii 74.5 au 75 na kulaza bomba la usukani. Chukua fremu mbili zenye staki ya 50.5: moja ina bomba la juu la 52 na pembe ya 74.5, nyingine 53 na pembe ya 73.5. Jedwali linaonyesha tofauti ya sentimita nzima. Richi ya zote mbili ni 38.0. Mpandaji mfupi aliyelipia ile ya 52 ili apate usukani wa karibu hakupata hata milimita moja.

Kupima fremu isiyo na jedwali

Vifaa vya mwashi vinatosha: futi, pimamaji na timazi. Timazi ikikosekana, nati nzito iliyofungwa kwenye uzi inafanya kazi ileile.

Isimamishe baiskeli wima kwenye sakafu uliyoihakikisha kwa pimamaji, magurudumu yote mawili yakiwa ya saizi moja na tairi zimejazwa sawa. Pima kutoka sakafuni hadi katikati ya ekseli ya kranki, tuseme 26.8. Pima kutoka sakafuni hadi ncha ya juu ya bomba la usukani, tuseme 81.3. Tofauti, 54.5, ndiyo staki. Kisha shusha timazi kutoka katikati ya ncha hiyo, weka alama sakafuni. Shusha nyingine kutoka katikati ya ekseli, weka alama. Umbali kati ya alama mbili ndio richi. Pembe ya bomba la siti pima kwa simu yenye programu ya pimamaji, ukiulaza ubavu wa simu juu ya bomba.

Kosa linalojirudia hapa ni kupima hadi juu ya spesa. Spesa si fremu. Lingine ni la fremu za zamani: beringi zao za usukani zimekaa kwenye vikombe vilivyo nje ya bomba, ilhali fremu nyingi za sasa zimezificha ndani. Kikombe cha juu kinaongeza zaidi ya sentimita moja ambayo jedwali halihesabu. Ukilinganisha ya zamani na ya sasa, pima zote mbili hadi juu ya kifuniko cha beringi, usije ukasema ya zamani iko chini kumbe iko sawa.

Na jaribio la kusimama juu ya bomba? Waliokulia kwenye Phoenix au Black Mamba hupima baiskeli hivyo: unasimama wima, bomba katikati ya miguu, unaangalia nafasi iliyobaki. Kwenye fremu ya mlalo jaribio hilo ni la kweli, kwa sababu bomba la juu hupanda pamoja na saizi. Sentimita 2 hivi zikibaki, uko karibu. Kwenye mshazari linadanganya. Mtu wa mguu wa 82 atasimama kwa raha juu ya S, M na hata L ya aina moja, na mbili kati ya hizo si zake. Huko jaribio linakuambia tu kwamba hutaumia ukiteleza kutoka kwenye siti.

Nguzo ya siti ndiyo inayoharibika

Tofauti kubwa ya kiufundi kati ya fremu hizi mbili iko hapa, na hapa ndipo fremu huvunjika.

Kwenye ya mlalo, nguzo inachomoza kama sentimita 11. Nguzo ya zamani ya milimita 220 inatosha: 11 nje, 11 ndani. Hamisha nguzo hiyo kwenye M, ambako zinahitajika 17 nje, na ndani zitabaki 5. Alama ya mwisho wa kuvuta iliyochorwa kwenye nguzo itakuwa imeonekana zamani. Kila unapokaa, nguzo inakuwa kama mtaimbo unaong'oa jiwe. Shimo la juu la bomba la siti linapanuka, na ufa unaanzia kwenye mwanya wa klempu, ile pete inayobana nguzo.

Hesabu hivi: kimo cha siti, toa urefu wa bomba la siti hadi juu, toa sentimita 5 za siti na kichwa cha nguzo, kisha ongeza 10 za kubaki ndani. Kwa M: 72.4 toa 50 toa 5 ni 17.4, ongeza 10, unahitaji nguzo ya 27.4 au zaidi. Nguzo ya milimita 350 inakaa vizuri. Mtu wa mguu wa 88 kwenye fremu hiyohiyo anahitaji 32.7, yaani 350 inamtosha kwa shida, na hiyo ni dalili kwamba aangalie L.

Sentimita 10 pekee hazitoshi kama bomba la siti limepita juu ya bomba la juu kwa kipande kirefu. Ncha ya chini ya nguzo lazima ivuke makutano ya mabomba hayo mawili na kwenda chini yake walau sentimita 2 au 3. Kipande kikiwa cha sentimita 5 na bomba la juu ni nene, 10 zinaishia mlemle kwenye makutano, na huko ndiko nguvu inakokusanyika. Kiwanda kikiwa kimetaja kipimo chake, fuata chake.

Kipenyo nacho kina mambo yake. Fremu nyingi za kaboni na alumini hutumia milimita 27.2, na nyingine 31.6. Za chuma za zamani zinakwenda kwa hatua za 0.2: 26.4, 26.6, 26.8, 27.0, 27.2. Pima kwa vernia, kifaa cha kupimia kipenyo, usikadirie. Nguzo ya 26.8 kwenye bomba la 27.2 itateleza kila shimo la barabara, na fundi atakaza klempu mpaka bomba libonyee. Nguzo ndefu za vipenyo adimu ni kazi kuzipata. Kwenye fremu ya mlalo hilo halisumbui, kwa kuwa nguzo fupi inatosha.

Urefu huo wa nguzo una uzuri wake. Nguzo ya kaboni ya 27.2 iliyochomoza sentimita 17 inapinda kidogo unapopita kwenye matuta madogo na kokoto, na kiuno kinashukuru. Ile ya 11 haina nafasi ya kupinda. Hata hivyo tairi la milimita 28 lenye upepo wa kadiri linapunguza mtetemo kuliko nguzo yoyote. Fremu isiyoruhusu zaidi ya 23 au 25 haitaokolewa na mshazari.

Chupa, uzito na mengineyo

Kwenye fremu ya mlalo pembetatu ya kati ni pana. Chupa mbili za mililita 750 zinaingia bila kugombana, na pampu ndefu inakaa chini ya bomba la juu. Kwenye mshazari mdogo, XS au S, chupa ya bomba la siti mara nyingi inagonga bomba la juu unapoichomoa. Itabidi iwe ya 500, au ununue kishikio kinachofunguka ubavuni. Kwa safari ndefu zisizo na maduka njiani, hili si jambo dogo.

Uzito: pembetatu ndogo inatumia mabomba mafupi, kwa hiyo fremu inapungua na inakuwa ngumu zaidi kupindika unapokanyaga kwa nguvu. Kisha nguzo ndefu inarudisha sehemu ya uzito huo. Kinachobaki ni kidogo kuliko uzito wa chupa moja iliyojaa maji. Anayechagua mshazari kwa ajili ya uzito tu anachagua kwa sababu hafifu.

Ni mwili gani na fremu gani

Kiwiliwili kirefu na miguu mifupi: chukua mshazari, bila kusita. Mtu wa mguu wa 78 anayehitaji richi ya 38.8 amekwama kwenye mlalo. Kanuni inampa 52, ambayo ni fupi kwake. Akipanda hadi 55 anakutana na bomba la sentimita 81, juu kuliko msamba wake, na siku akishuka ghafla kwenye siti ataumia vibaya. M ya mshazari inampa richi anayoitaka na bado inamwachia sentimita 3, mbali ya unene wa viatu.

Miguu mirefu na kiwiliwili kifupi: hapa mshazari wenyewe hausaidii kitu. Tafuta staki kubwa na richi fupi, yaani bomba refu la usukani. Fremu za safari ndefu zimejengwa hivyo, na karibu zote ni za mshazari, lakini kinachokuokoa ni lile bomba la usukani. Mtu wa mguu wa 86 kwenye mlalo anaambiwa 57 au 58, ambazo bomba lake la juu ni refu kwake. Ataishia na stemu ya milimita 80 au chini yake, na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi kwenye mteremko.

Mwili wa wastani: zote zinakufaa. Chagua kwa chupa, kwa matairi yanayoenea, kwa bei, na kwa macho pia. Fremu ya chuma yenye bomba la mlalo na viungio vilivyochongwa ni kitu cha kupendeza, na kupenda baiskeli kunaifanya itoke nje ya nyumba.

Ukiwa katikati ya saizi mbili

Mshazari una saizi chache, kwa hiyo utajikuta katikati mara nyingi zaidi kuliko kwenye mlalo. Usiamue kwa kubahatisha. Hesabu usukani utakaa chini ya siti kwa kiasi gani.

Kwa M yetu: siti ya 72.4 kwenye pembe ya 73 iko sentimita 69.2 juu ya ekseli. Upande wa mbele anza na staki, 54.5. Ongeza kifuniko cha beringi sentimita 1, spesa 2 na nusu ya unene wa stemu 2. Kwa kuwa bomba limelala, jumla ya hizo 5 ni 4.8 za kimo. Stemu ya milimita 100 yenye digrii 6 kwenda chini, ikiwa juu ya bomba la usukani la digrii 73, bado inapanda digrii 11, na hiyo ni 1.9. Jumla 61.2. Usukani uko sentimita 8 chini ya siti.

Nane ni ya mtu aliyezoea mbio na mwenye kiuno kinachokunjika. Anayeanza, au anayekaa ofisini siku nzima, atakuwa na raha zaidi kati ya 3 na 6. Ukiigeuza stemu juu chini unapata karibu sentimita 2, na mikono inarudi milimita 6. Spesa zina kikomo: kwa foki (uma wa gurudumu la mbele) zenye shina la kaboni watengenezaji wengi hawaruhusu zaidi ya milimita 30 au 40, na ukizidisha shina linaweza kukatika bila kukuonya. Ikiwa fremu ndogo inafika kwenye 6 kwa kutumia spesa zote na stemu iliyogeuzwa, chukua kubwa. Ikiwa kubwa inakulazimisha stemu ya chini ya 80, chukua ndogo. Kati ya 90 na 120 ndipo baiskeli ya mbio inapoendeshwa kwa utulivu.

Kwenye baiskeli za mitumba

Fremu nyingi za chuma za mlalo zinazofika Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi ni mitumba, na zinakuja bila jedwali wala stika. Nenda na futi, uzi wenye nati, vernia na kimo chako cha siti kimeandikwa kwenye simu. Pima bomba la siti kwa namna zote mbili, pima bomba la juu, shusha timazi upate richi.

Kisha legeza klempu na uivute nguzo ya siti kabla ya kutaja bei. Nguzo ya alumini iliyokaa miaka ndani ya bomba la chuma bila grisi huliwa na kutu la kugandana, na kwenye hewa ya chumvi ya pwani huganda upesi zaidi. Ikiwa haizunguki, kimo cha siti utakachopanda nacho ni kile alichokiacha mwenye nayo wa kwanza, hata fremu iwe saizi yako hasa. Fundi atalazimika kuikata na kuikwangua kutoka ndani, na mara nyingine bomba linaharibika naye akijitahidi. Ikitoka, angalia alama ya mwisho wa kuvuta, mulika tochi kwenye mwanya wa klempu kutafuta ufa, soma kipenyo kilichogongwa chini ya nguzo, ipake grisi kabla ya kuirudisha. Ikiwa fremu au nguzo ni ya kaboni, weka pasti ya kaboni badala ya grisi, na ukaze kwa kipimo kilichoandikwa kwenye klempu.